Nzuri, Ila

Niliyahesabu mara tatu, na mara zote madoa yalikuwa tisa. Mara ya nne nilifuta lenzi ya hadubini kwa pindo la koti, maana mtu ukitaka sana jambo lisiwe kweli utakisingizia hata kioo, kisha nikahesabu kwa sauti. Tisa.

Kipimo chenyewe si kigumu kukieleza. Unachukua damu ya mgonjwa, unatenga chembe nyeupe, unazimwaga kwenye sahani yenye vishimo vidogo, halafu unazitupia vipande vya kirusi. Chembe inayokikumbuka kirusi hicho hukasirika, ikikasirika hutema, na palipotemwa hubaki doa la buluu. Doa moja, askari mmoja aliye macho. Mtu mwenye afya yake huacha madoa mia mbili, mia tatu. Aliyepandikizwa figo huacha machache, kwa sababu tunawalewesha askari wake makusudi ili wasiishambulie figo ya mgeni. Kazi yetu yote pale Kituo cha Upandikizaji cha Ilembwe ilikuwa kutafuta ulevi wa kadiri, askari wasilale fofofo wala wasiamke wakavunja nyumba.

Tisa, kwa vitabu nilivyosomea mimi, ni fofofo.

Lakini hatukuwa tukiamua kwa vitabu tena. Tulikuwa na Mizani. Kila mgonjwa wetu alikuwa na kidude cha ukubwa wa punje ya haragwe chini ya ngozi ya mkono. Alfajiri kilionja damu, kikahesabu askari chenyewe, kikampigia mwenye mkono simu kumjulia hali, kisha kikaiagiza pampu iliyofichwa chini ya mfupa wa mtulinga itoe dawa kiasi gani. Wagonjwa walikuwa mia tatu na kumi na wawili, kutoka mpakani hadi ziwani, na hakuna aliyelazimika kupanda mlima kuja kwetu ila kwa shida maalumu au akiitwa kupimwa. Mimi, Atuganile, nilibakiwa na kazi ya kuhakiki. Kila Jumatatu nilipima wachache kwa mkono, kuona kama Mizani bado inajua kuhesabu.

Ilijua. Nayo ilikuwa imeandika tisa. Ugomvi wangu ulikuwa na neno lililofuata baada ya tisa. Nikalisoma tena kwenye kioo cha kompyuta.

Mgonjwa 207. Askari: tisa, salama. Uchafu katika damu: umepanda mara mbili ndani ya siku kumi. Hali ya mgonjwa: nzuri. Uamuzi: mwili unaikataa figo. Dozi nzito, leo, saa sita kamili mchana.

Figo ya kupandikizwa ikianza kuchoka, sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni hiyo, askari wameamka na kuikataa, na dawa yake ni kuwalewesha zaidi. Ya pili ni virusi. Vipo vinavyoishi kwenye figo ya karibu kila mmoja wetu tangu utotoni, vimelala, havina ugomvi na mtu. Kikulacho ki nguoni mwako. Askari wakizidiwa na ulevi, virusi hivyo huamka na kuila figo kutoka ndani, na hapo dawa ni kuwalevua askari haraka. Sababu mbili, dawa mbili zinazopingana, na kwenye damu zote mbili zinaonekana sawa. Ukikosea, umemwaga petroli ukidhani ni maji. Na dozi nzito ikishaingia mwilini haitoki mwezi mzima.

Mizani iliamuaje? Kwa akili ya kawaida tu. Mwenye kirusi huumwa, hupata homa, huchoka, hukojoa damu. Mgonjwa 207 aliulizwa hali kila asubuhi, na kila asubuhi alijibu kuwa ni mzima. Basi si kirusi.

Ilikuwa saa tatu kasoro robo. Nikachukua sindano na vichupa, nikaenda chumba namba nne kuchukua damu nyingine.

*

Mgonjwa 207 tulimwita Mama Tumpe; alikuwa ameitwa na kulazwa tangu jana kwa ajili ya uhakiki huo wa Jumatatu. Kabla ya kuugua alikuwa mpimaji wa majani ya chai, miaka thelathini na mmoja kwenye banda moja kule Tukuyu, na bado alikuwa na ile tabia ya wapimaji ya kumtazama mtu kuanzia miguuni. Figo aliyonayo alipewa na mumewe, Mzee Lusubilo, mtu wa masihara ambaye aliwaambia wauguzi wote kwamba mahari yake ilikuwa ng'ombe saba na figo moja. Nilipoingia, mzee alikuwa ametoka kwenda mgahawani kujaza chupa ya chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Habari za tangu mwezi ule?"

"Nzuri, mwanangu. Nzuri kabisa."

Nikamfunga mpira mkononi, nikaanza kutafuta mshipa. Mishipa yake ilikuwa imechoka kuchomwa, ikajificha. Kwa kawaida mimi huongea sana ninapofanya kazi, tena huongea juu ya maneno ya mwenzangu, mama yangu alishanichoka kwa hilo. Lakini mshipa ule ulinikomesha. Nikawa nimeinama, kimya, napapasa kwa kidole, dakika nzima au zaidi.

Mama Tumpe akautazama mlango. Halafu akasema taratibu, "Ila."

Nikainua kichwa. "Ila nini, mama?"

"Ila hii homa ya jioni, mwanangu. Na mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi iliyochemka ikasahauliwa. Na mgongo."

"Tangu lini?"

"Hii wiki ya tatu."

"Umeiambia Mizani?"

"Nilijaribu. Mara mbili, Baba Tumpe akiwa amekwenda kukamua. Nikisema nzuri, kabla sijameza mate inaniambia asante, siku njema, inakata. Nikasema basi, labda kwao ndivyo, hawataki mengi."

Nikaufungua mpira bila hata kuchukua damu. Nikamweleza kwa maneno machache. Kwamba saa sita pampu itammwagia dawa ambayo huenda ikaimaliza figo. Kwamba pampu haifungwi na daktari wala na mimi, ila yeye mwenyewe akibonyeza simu yake, Mizani ikamuuliza hali, naye akajibu mbaya, itajifunga siku saba na kufungua shauri.

"Shauri linakwenda kwa nani?"

"Kwetu. Na kwa msimamizi wako."

"Msimamizi wangu ni Baba Tumpe."

"Ndiyo."

Akavuta shuka mpaka kifuani. "Basi sitasema."

"Mama."

"Yule mzee alikatwa ubavu akiwa mzima wa afya, hana hata mafua. Mpaka leo hawezi kubeba debe la maji. Kila asubuhi ananiuliza, habari za hiyo figo yangu, nami nasema nzuri, anacheka, anakwenda kwa ng'ombe wake. Leo nimwambie nimeiharibu? Na wewe usimwambie. Nimekwambia wewe kama daktari."

"Mimi si daktari, mama, ni wa maabara."

"Kiapo hamkuapa?"

Niliapa.

*

Nilirudi maabara karibu nikikimbia, nikafungua hazina ya sauti. Simu za wagonjwa hutunza sauti nzima ya kila mazungumzo, hata pale ambapo Mizani imeacha kusikiliza. Hakuna aliyewahi kuzifungua, maana nani ana muda wa kusikiliza watu mia tatu wakiitikia salamu.

Nikaanza na mtu yeyote tu. Mzee mmoja wa Kyela. "Nzuri, mwanangu," kisha Mizani, "Asante, siku njema," kisha sauti ya mzee ikibaki peke yake hewani: "Ila miguu imevimba, halo? Halo?" Nikafungua wa pili. "Salama. Salama, ila tangu juzi silali." Wa tatu alisema nzuri, ila mvua imezidi na mbuzi wake amepotea. Wa nne, nzuri, ila. Wa tano alikuwa mzima kweli.

Nilijua ni nani aliyekata. Nataka niliseme hili bila kulipaka sukari. Wageni waliotuletea Mizani walikuja na swali lao: Taja dalili zako. Tulipolijaribu, wazee walinuna. Mtu anaanzaje na dalili hata hajanisalimu? Mimi ndiye niliyesimama mkutanoni nikasema tuwasalimie kwanza, tuulize habari za asubuhi, kama watu. Nikapigiwa makofi. Nikapelekwa studio, na mpaka leo sauti inayowaamsha wagonjwa wote wale ni yangu. Wiki mbili baadaye nikaona salamu zinachukua dakika kumi, mvua, mbuzi, mjukuu aliyefeli mtihani, betri zinakwisha kabla ya adhuhuri. Mimi subira sina. Nikafungua mpangilio, nikaandika: baada ya jibu la kwanza, sikiliza sekunde mbili, kisha aga.

Sekunde mbili. Katika nchi ambayo hata msibani ukimuuliza mfiwa habari za hapa atakujibu nzuri, ndipo aanze kulia.

Kwa hiyo miaka miwili Mizani ilisikia watu mia tatu na kumi na wawili wakisema nzuri, wenye askari mia na wenye askari tisa, ikajifunza kwamba tisa si tatizo. Haikukosea hata kidogo, ilijifunza vizuri kabisa kile nilichoifundisha. Nililia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha nikanawa uso nikaenda kwa bosi.

*

Dokta Gwamaka alinisikiliza akiwa amesimama dirishani, mikono nyuma. Ni mtu wa taratibu, mtu ambaye hata barua ya rambirambi huisoma mara mbili kabla ya kusaini. Nilipomaliza hakunifokea, na hilo liliniumiza zaidi.

"Pampu siwezi kuigusa," alisema. "Unajua kwa nini."

Nilijua. Zamani madaktari waliweza kufunga pampu kwa mkono. Mmoja alifunga kwa huruma, mwingine kwa kujuana, mwingine kwa kuamini pua yake, na ndani ya mwaka mmoja wagonjwa kumi na tisa walipoteza figo. Sheria ikawanyang'anya mikono. Sasa ni jopo la watatu lililoko Dodoma au ni kauli ya mgonjwa mwenyewe, kwa sauti yake.

"Jopo?"

"Nitawapigia, lakini ratiba yao naijua. Wanakaa saa tisa."

"Saa tisa dawa itakuwa mwilini."

"Najua kusoma saa, Atu." Akageuka. "Nijibu hili. Hiyo tisa ni ushahidi, au ni hofu yako?"

"Vyote viwili."

"Na kama mwili kweli unaikataa figo, na homa ni ya malaria, mkojo ni wa kitu kingine, tukafunga pampu siku saba?"

"Figo itakufa."

"Itakufa mikononi mwetu. Usilisahau hilo ukiwa unakimbia." Akakaa, akavuta simu ya mezani. "Orodhesha walio chini ya ishirini. Nitawapigia mmoja mmoja mimi mwenyewe, na nitawaacha waseme mpaka wachoke. Wewe nenda kwa huyo mama. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwambie."

"Nimwambie methali?"

"Mwambie chochote. Ila kauli iwe yake." Nikiwa mlangoni akaniita tena. "Zile sekunde mbili, karatasi ilipita hapa. Mimi ndiye niliyesaini."

Saa nne na dakika arobaini. Nilimpelekea orodha. Walikuwa arobaini na mmoja.

*

Sikwenda moja kwa moja chumba namba nne. Nilirudi kwenye kiti changu, nikafungua sauti za Mama Tumpe, kwa sababu wazo lilikuwa limeniingia tangu nikiwa kwenye korido na lilikataa kutoka.

Nilikuwa na siku zaidi ya mia saba za kinywa chake. Nzuri. Nzuri, ndaga, ile asante ya Kinyakyusa. Salama tu. Nzuri. Nikarukaruka. Mwezi wa Machi, asubuhi moja ambayo mvua ilikuwa ikigonga bati nyuma yake, aliulizwa hali akajibu: "Si mbaya."

Nikairudia. Kati ya si na mbaya alivuta pumzi fupi, nafasi ya kutosha kabisa kupitisha wembe.

Nilijiambia nataka tu kuona kama inawezekana. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Nikafuta mvua, nikakata si, nikaiweka kwenye simu yangu, nikabonyeza kusikiliza. "Mbaya." Sauti yake halisi, na ile lafudhi ya Kinyakyusa ndani yake. Mizani isingeshuku kitu. Ningesimama karibu na kitanda, ningeamsha simu yake, ningeicheza karibu na kinasa sauti, basi. Figo ingepona. Kama ni kirusi.

Kama si kirusi, ningekuwa nimeiua kwa kinywa cha mwenyewe, na kumbukumbu zingeonyesha kwamba alijifungia dawa kwa hiari. Na hata ikipona, simu ya Mzee Lusubilo ingelia kumwarifu kwamba mkewe amesema mbaya, neno ambalo mkewe alikataa kulisema mbele yangu kwa sababu ya kumpenda. Miaka miwili nilikuwa namkata mama yule mkia wa maneno. Sasa nilikuwa nimemkata kichwa.

Lakini nikafikiria pia figo yenyewe. Heshima ya kauli ni kitu kizuri kwa mtu ambaye hatakufa. Mama Tumpe akiipoteza hii, hapati nyingine, umri umepita na mume hana ya tatu ya kutoa. Atarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, siku tatu kwa wiki, saa nne kila mara, mpaka mishipa imalizike. Nani angenilaumu? Angekuwa hai, angeninunia, ningeomba radhi. Watu wengi wameombwa radhi kwa mambo madogo kuliko uhai wao.

Nilikaa na mawazo hayo muda mrefu kuliko inavyofaa. Nilipotazama saa, ilikuwa imebaki nusu saa kufika saa sita. Nikatia simu mfukoni, sauti ile ikiwa tayari, na ninakiri kwamba nilipokuwa natembea bado sikujua nitafanya nini.

*

Mzee Lusubilo alikuwa amerudi. Alikuwa amemimina chai vikombe viwili na anampulizia mkewe cha kwake.

"Karibu, mtaalamu," alisema. "Habari ya figo yangu? Inaishi vizuri huko ugenini?"

Mama Tumpe akaniona, akaona na mkono wangu ulivyoshika mfuko.

"Baba Tumpe, nenda kawaulize kuhusu ile fomu ya nauli," alisema.

"Si tuliijaza?"

"Kawaulize."

Mzee alitoka, pole pole, akituangalia wote wawili. Nikavuta kiti.

"Mama, nina jambo la kukiri. Nina sauti yako hapa." Nikatoa simu, nikamsikilizisha. Mbaya. Alishtuka kama mtu aliyeitwa na jirani aliyekwisha kuzikwa.

"Sikusema hivyo mimi."

"Ulisema si mbaya. Nimekata si."

"Ili iweje?"

"Nikiicheza kwenye simu yako, pampu inafungwa. Nimekuja nayo nikiwa na nia hiyo."

Alikaa sawasawa. Sikuwa nimewahi kumwona akiwa na hasira, na hasira yake haikuwa na kelele. "Yaani unisemee? Mimi nimelala hapa na mdomo wangu, wewe unisemee?"

"Umeshasemewa miaka miwili, mama, na aliyekuwa akikusemea ni mimi. Ile sauti ya asubuhi ni yangu. Anayekuaga kabla hujamaliza ni mimi. Nilipanga sekunde mbili kwa sababu nilichoka kusikia habari za mbuzi. Kila aliyesema nzuri, ila, nilimwandikia nzuri. Ndiyo maana ile mashine inaamini huumwi."

Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika kumi na nne. Nilitamani kusema, nikauma ulimi.

"Bandani kwetu," alisema mwishoni, "tulikuwa na kijana mmoja mpimaji. Kikapu hakijatua vizuri, ameshasoma. Mshale bado unacheza, ameshaandika. Wakulima wakimlalamikia anasema mizani haina kosa. Kweli, mizani haikuwa na kosa. Nilimtoa mwenyewe." Akanitazama kuanzia miguuni. "Na wewe hukungoja mshale utulie."

"Sikungoja, mama. Nisamehe."

"Una hakika ni hicho kirusi?"

Hapo ndipo ningeweza kudanganya kwa wema. "Hapana. Nadhani ni kirusi. Naogopa dawa ya saa sita kuliko ninavyoogopa kuifunga. Lakini nikikosea, figo itakufa, na itakuwa umeifunga wewe."

"Angalau hilo umelisema lote." Akajifuta midomo kwa ncha ya khanga. "Mwite."

Sikuwa na haja ya kwenda mbali. Mzee Lusubilo alikuwa amesimama nje ya mlango, fomu ya nauli hakwenda kuiuliza. Aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda, kofia mkononi.

"Baba Tumpe," mkewe alisema, "ile figo."

"Najua."

"Hujui. Mkojo wangu..."

"Najua, mke wangu. Choo chetu ni kimoja."

Mama Tumpe akamkodolea macho. "Tangu lini?"

"Tangu wiki ile ya mazishi ya dada yako."

"Na kila asubuhi unaniuliza habari zake, na unacheka?"

"Ulinijibu nzuri. Ningesemaje? Nilidhani hutaki nijue. Nikasema, kama anapata nguvu kwa kunificha, acha anifiche." Akaigeuza kofia mkononi. "Mimi nikitoka pale siendi kwa ng'ombe. Nakaa nyuma ya zizi mpaka uso utulie."

Sikujua niangalie wapi. Wazee wale walikuwa wamelindana wiki tatu nzima kwa neno moja, na kirusi, kama ni kirusi, kilikuwa kimekula chini ya ulinzi huo bila bughudha. Dakika zilikuwa zimebaki saba. Nikasema, kwa upole niliouokota sijui wapi, "Mama, muda."

Akachukua simu yake mwenyewe. Hakumwangalia mtu. Akabonyeza.

"Habari za mchana?" Sauti yangu, ya miaka miwili iliyopita, changamfu mno.

Midomo ya Mama Tumpe ikaanza kulifanya lile neno la mazoea, niliona kabisa n ikijiandaa. Mzee Lusubilo akauweka mkono wake mkubwa juu ya goti la mkewe. Mama Tumpe akafumba macho.

"Mbaya," alisema. "Hali yangu ni mbaya."

Taa ndogo chini ya mtulinga wake, iliyokuwa ikipenya kijani kwenye ngozi, ikazimika, kisha ikawaka njano. Pampu imefungwa. Mfukoni mwa mzee simu ikalia mara moja, naye hakuitoa. Sikuwa na furaha. Kwa siku saba zilizofuata ningekuwa nahesabu madoa asubuhi na jioni, na kama yasingepanda, ningejua nimewasaidia watu hawa wawili kuiua figo yao kwa heshima zote.

Ndipo simu ikaendelea kuongea. Nilikuwa nimesahau. Studio kule nilisoma maneno mengi, na baadhi yake yaliwekwa kwa ajili ya mtu atakayejibu mbaya, na katika miaka miwili, kati ya watu mia tatu na kumi na wawili, hakuna aliyewahi kuyafikia.

"Pole sana," ilisema sauti yangu. "Nini kinakusumbua? Niambie, nakusikiliza."

Mama Tumpe alifungua macho. Akaisogeza simu karibu na mdomo, kwa matumaini yaliyonichoma.

"Ilianza ile jioni tuliyotoka kumzika dada yangu, nikahisi baridi—"

"Asante," ilisema sauti yangu. "Siku njema."

Ikakata. Alibaki ameishika, mdomo wazi. Hakuikasirikia simu. Alinigeukia mimi.

Nikaichukua mikononi mwake taratibu, nikaizima.

"Ukahisi baridi," nikasema. "Halafu?"